Mfumo Ukishatulia, Nani Anabeba Mzigo?

Karibu kila kijana anayeletwa kwangu kujifunza kazi ya vidhibiti, vifaa vinavyopima hali ya mashine na kuiongoza ifikie lengo, huniuliza swali moja hata kabla hajazoea mashine: kama kidhibiti kinaliona kosa, mbona hakilisahihishi? Skrini inaonyesha lengo ni 125, kipimo ni 105, tofauti ya 20 iko wazi kwa kila mwenye macho, na tanuri limetulia tuli, halipandi wala halishuki. Mwenye haraka atasema sensa imeharibika. Mwingine atasema hita zimechoka. Mimi huwaambia wasiguse kitu kwanza. Tanuri lililotulia mahali pasipo pake linafundisha kuliko tanuri linalotii.

Tufanye hesabu yake. Chumba kina nyuzi 25 za sentigredi. Kila asilimia moja ya umeme inayokwenda kwenye hita, joto likishatulia, inalipandisha tanuri nyuzi 2 juu ya joto la chumba. Kufika 125, basi, kunahitaji asilimia 50 ya umeme, na hizo zitolewe mfululizo, kwa sababu joto linavuja kupitia kuta mchana na usiku. Kidhibiti ni cha uwiano tu: kinachukua kosa, kinalizidisha kwa geini, kinatoa jibu. Geini imewekwa 2, yaani asilimia 2 za umeme kwa kila nyuzi moja ya kosa.

Sasa jaribu kulifikiria tanuri likiwa 125 kamili. Kosa ni sifuri. Sifuri mara 2 ni sifuri, hita zimezimika, na tanuri lisilo na umeme linapoa. Likipoa kosa linazaliwa, umeme unarudi kidogo, na vuta nikuvute hiyo inakoma mahali pamoja tu: kosa likiwa nyuzi 20, umeme unakuwa asilimia 40, asilimia 40 zinaleta nyuzi 80 juu ya chumba, na 80 na 25 ni 105. Hakuna joto lingine ambalo hesabu hii italikubali. Kidhibiti hakijazembea hata kidogo. Kimefanya kilichoagizwa, na kilichoagizwa ni kutoa nguvu pale tu penye kosa.

Ndipo nilipojizoeza kuuliza swali ambalo sasa nalitanguliza kwenye kila mfumo unaoletwa mbele yangu: ukishatulia, nani anabeba mzigo? Mzigo wa tanuri ni joto linalovuja. Anayeubeba ni umeme, na umeme huo hauna chanzo kingine ila kosa. Ukiliondoa kosa umemwondoa mbebaji. Fikiria mizani ya springi: huwezi kuning'iniza kilo moja kwenye ndoano ukaitaka springi isivutike, kwa kuwa kule kuvutika ndiko kunakoishikilia ile kilo. Kidhibiti cha uwiano ni springi iliyovaa sanduku la umeme.

Dawa ya kwanza inayomjia kila mtu ni kukaza springi. Pandisha geini kutoka 2 hadi 12, na kosa linashuka hadi nyuzi 4: mara 12 ni asilimia 48 za umeme, nyuzi 96 juu ya chumba, jumla 121. Kanuni yake ni nyepesi. Kosa linalobaki ni ule umbali wote wa nyuzi 100 kugawanywa kwa moja kujumlisha geini ya mzunguko mzima, na geini ya mzunguko ni ya kidhibiti mara ya tanuri: 12 mara 2, yaani 24. Kwa hiyo 100 kwa 25. Ukitaka kosa la chini ya nyuzi moja, unahitaji geini ya mzunguko ya karibu 100. Kwenye karatasi hakuna anayekuzuia.

Anayekuzuia ni muda. Joto linatoka kwenye hita, linapita hewani, linaingia kwenye kuta, ndipo linaifikia sensa. Kidhibiti kinasoma habari za zamani kidogo, na kadiri kinavyozijibu kwa ukali ndivyo kinavyozidi kusukuma wakati ambapo kingepaswa kuacha. Joto linapita lengo, linarudi, linapita tena upande wa pili, na kuyumba hakuishi. Geini kubwa inakununulia usahihi kwa kuuza utulivu wako.

Jambo hili lina umri mkubwa kuliko umeme wa viwandani. Mwaka 1788 James Watt aliiwekea injini ya mvuke mipira miwili inayozungushwa na injini yenyewe. Mwendo ukizidi, mipira inatawanyika na kuibana vali ya mvuke. Uliza swali letu hapo. Mzigo wa injini ukiongezeka, vali inatakiwa ikae wazi zaidi, na ikae hivyo muda wote mzigo upo. Vali haikai wazi zaidi mpaka mipira iwe imeshuka, na mipira haishuki mpaka mwendo uwe umepungua. Kwa hiyo injini iliyobebeshwa zaidi inatulia kwenye mwendo wa chini kidogo kuliko uliokusudiwa. Mwanafizikia James Clerk Maxwell, katika makala yake ya mwaka 1868, alivitenga vidhibiti vya aina hii, vinavyopunguza tu badiliko la mwendo, na vile vinavyourudisha mwendo uleule hata mzigo ubadilike. Na katika makala hiyohiyo alieleza kwamba ukizidi kuiongeza nguvu ya kidhibiti, unafika mpaka ambapo msukosuko, badala ya kutulia haraka zaidi, unageuka kuyumba na kushtukashtuka. Nilipoisoma mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Yale niliyokuwa nikiyaona kwenye grafu ya tanuri yalikuwa yameshaandikwa kabla babu ya babu yangu hajazaliwa.

Kabla ya vidhibiti vya dijitali kuenea, sanduku la uwiano lilikuwa na kirungu kidogo pembeni. Kazi yake ilikuwa kuongeza umeme wa kudumu ambao haukutegemea kosa. Kwenye tanuri letu, ukikizungusha mpaka asilimia 50, umempata mbebaji mpya: kirungu kinabeba mzigo wote, kosa linapumzika kwenye sifuri. Nilifanya kazi na mzee mmoja fundi aliyekuwa akipita kila zamu ikianza, anatazama kipimo, anazungusha kirungu kidogo, anasubiri, anazungusha tena. "Hii mashine haina kumbukumbu, kijana," aliniambia. "Kumbukumbu yake ni mimi." Chumba kikipoa nyuzi 10 usiku, kirungu kilichowekwa mchana kilikuwa hakitoshi, kwa geini ya 2 kosa la nyuzi 2 lilijitokeza, kwa geini ya 12 lilikuwa nyuzi 0.4, naye alikuja akalifuta kwa mkono. Lengo likibadilishwa kwenda 225, kazi ilianza upya.

Kile alichokuwa akifanya yule mzee ndicho kinachofanywa na integrali, basi. Integrali inajumlisha kosa kadiri muda unavyopita. Kosa likiwepo, hata likiwa dogo mno, jumla inapanda na umeme unapanda nayo. Kosa likigeuka upande wa pili, jumla inashuka. Lakini kilichonifungua macho ni hali ya tatu: kosa likiwa sifuri, jumla haipotei. Inabaki pale ilipofika, mathalani asilimia 50, na inaendelea kubeba tanuri bila kudai chochote. Hoja yote ya kwamba integrali inafuta kosa linalobaki inakaa katika sentensi moja: kijumlishi hakiwezi kutulia mpaka kinachoingia ndani yake kiwe sifuri, na kinachoingia ndani yake ni kosa. Huna haja ya kujua geini ya tanuri, wala unene wa kuta, wala joto la chumba. Mradi mfumo umetulia, kosa ni sifuri.

Sharti lipo palepale: mradi umetulia. Hapa nimewaona watu wenye vyeti vikubwa wakidanganywa na fomula. Vitabuni kuna kanuni ya thamani ya mwisho, inayokuwezesha kulipata kosa linalobaki kwa kuipeleka s, herufi inayoshika nafasi ya muda katika hesabu za mifumo hii, kwenye sifuri, bila kuutatua mwendo mzima wa mfumo. Ni kanuni tamu, lakini haikagui anayeingia mlangoni: ukiipa mfumo unaoyumba mpaka kuvunjika, bado itakupa namba safi. Chukua mfumo wa K juu ya s(s+1)(s+2), K ikiwa geini, urejeshewe kipimo chake chenyewe moja kwa moja. Ukiuamuru ufuate kitu kinachosogea kwa mwendo wa kizio kimoja kwa sekunde, fomula inasema kosa linalobaki ni 2 kugawanywa kwa K. Weka K sawa na 10, unapata 0.2, unafurahi. Kumbe mfumo huo ni thabiti pale tu K ikiwa chini ya 6. Kwenye 10 hakuna cha kubaki. Mkono wa kipimo unakwenda huku na huku, kila safari kubwa kuliko iliyotangulia. Kwa geini peke yake, kosa la mfumo ule haliwezi kushuka hata kufikia theluthi moja, na ukilikaribia sana unaishi na kuyumba kusikokwisha haraka. Vijana wangu nawataka waonyeshe uthabiti kwanza, ndipo waniandikie kosa. Asiyefanya hivyo simsomei ukurasa wa pili.

Baada ya tanuri nilihamia kwenye mota, na huko swali la mbebaji lilinisaidia zaidi. Mwenzangu mmoja, mtu makini, alikuwa na hoja ambayo kwa sikio haina tundu. Mota, alisema, yenyewe ni kijumlishi: ukiipa amri inazunguka, na pembe inaendelea kujikusanya muda wote inapozunguka. Mzunguko wa kudhibiti pembe una kijumlishi ndani yake tayari. Kwa hiyo hauhitaji integrali kwenye kidhibiti. Ukiuamuru uende kwenye pembe fulani utafika bila kosa.

Kwa mota iliyo uchi mezani alikuwa sahihi. Pembe ikifika lengo, mota haihitaji nguvu yoyote kukaa pale, kwa hiyo hakuna mzigo na hakuna haja ya mbebaji. Tatizo ni kwamba mota yetu ilikuwa imeshika mkono wa chuma unaonyooka kando, na uzito ulikuwa unauvuta chini. Mkono ukiwa mlalo ulihitaji nyutoni-mita 3 za kuuzungusha ili usianguke. Kidhibiti kilikuwa cha uwiano, kinatoa nyutoni-mita 20 kwa kila radiani ya kosa. Nani anabeba zile 3? Kijumlishi cha mota hakiwezi, kwa kuwa kipo baada ya mahali ambapo uzito unaingia. Chenyewe kinapokea tofauti kati ya nguvu ya kidhibiti na nguvu ya uzito, na kinachoweza kudai ni tofauti hiyo iwe sifuri, basi. Kosa liko upande wa pili wa kidhibiti. Basi kidhibiti kinalazimika kutoa 3, na hakitoi 3 mpaka kione kosa la 3 kwa 20, yaani radiani 0.15, karibu nyuzi 8.6. Mkono ulilegea vivyo hivyo, mbele ya macho yetu.

Somo ambalo sikulikuta limekaziwa vya kutosha darasani ni hilo: haitoshi kuhesabu vijumlishi vilivyomo ndani ya mzunguko. Uliza kila kimoja kimesimama wapi ukilinganisha na mlango ambao msukosuko, kama ule uzito wa mkono, unaingilia. Kilicho kabla ya mlango huo, upande wa kosa, kinaweza kuubeba mzigo. Kilicho baada hakikusaidii. Orodha ile maarufu ya vitabuni, kwamba mfumo usio na kijumlishi unabaki na kosa kwa amri inayosimama, yaani lengo lisilobadilika, wenye kimoja unalifuta lakini unabaki nyuma ya amri inayotembea, na wenye viwili unaifuata hata inayotembea, ni ya kweli kwa amri. Kwa msukosuko unatakiwa uihesabu upya kutoka mlango wake.

Mkono huohuo ulinipa zawadi ya pili. Ukiwa umeinuka nyuzi 60 juu ya mlalo, uzito unaovuta ni nusu, na kosa ni nusu. Ukisimama wima kosa linatoweka. Nikachora kosa dhidi ya pembe na picha iliyotoka ilikuwa kosaini safi. Yaani kosa lilikuwa limenipimia uzito wa mkono bila mizani. Kosa mara geini ni mzigo. Tangu hapo, kabla ya kulifuta kosa linalobaki kwenye mashine yoyote, nalisoma. Mashine ambayo mwezi uliopita ilibaki nyuma kidogo na leo inabaki nyuma zaidi, kwa amri ileile na geini ileile, inakueleza kwamba kuna kitu kimekuwa kizito: beringi imekauka, reli imejaa uchafu, mkanda umekazwa kupita kiasi. Ukishaweka integrali, habari hiyo haiko tena kwenye kosa. Imehamia ndani ya jumla ya kijumlishi. Haijapotea, ila wengi hawaendi kuitafuta huko. Mimi huomba jumla hiyo ionyeshwe kwenye skrini, na mara nyingi waandishi wa programu wanashangaa ya nini.

Kubaki nyuma ya amri inayotembea nimekuona zaidi kwenye mashine za kuchonga chuma, na ni kosa la ajabu kidogo kwa kuwa mara nyingine halina madhara. Mhimili mmoja ukisogea milimita 100 kwa sekunde na geini ya mwendo ni 50 kwa sekunde, yaani milimita 50 kwa sekunde kwa kila milimita ya kosa, kisu kinatembea milimita 2 nyuma ya mahali kilipoamriwa, muda wote. Mbili nzima! Lakini mihimili miwili yenye geini sawa ikichora mstari ulionyooka, yote miwili inachelewa kwa uwiano uleule, na kisu kiko juu ya mstari uleule. Kimechelewa kufika tu. Punguza geini ya mhimili wa pili hadi 40 na hali inabadilika: huo unabaki nyuma milimita 2.5, na mstari wa nyuzi 45 unachongwa pembeni ya mahali pake kwa karibu milimita 0.35. Duara linatoka duaradufu iliyolala mshazari. Kona zinaviringika hata geini zikiwa sawa. Kwa hiyo kwenye mashine hizo nilijifunza kuzilinganisha geini za mihimili kwanza, ndipo nifikirie kuziongeza.

Unaweza kuweka kijumlishi cha pili ili mashine isibaki nyuma ya amri inayotembea. Sipendi njia hiyo. Kila kijumlishi kinachelewesha jibu kwa robo ya mzunguko, nyuzi 90, kwenye kila frikwensi, na viwili vinakupeleka ukingoni mwa kuyumba kabla hujahesabu ucheleweshaji wa mashine yenyewe. Kwa amri unayoijua mapema, ni rahisi zaidi kumwambia mbebaji moja kwa moja: kidhibiti kinajua mwendo unaotakiwa ni milimita 100 kwa sekunde, basi kiutume mwendo huo kwenye mota bila kungoja kosa, na mrejesho, yaani kile kipimo kinachorudishwa kwa kidhibiti, ushughulikie mabaki. Mabaki yatakuwepo, kwa kuwa makadirio yako ya mashine hayawezi kuwa kamili. Ukikosea makadirio kwa asilimia 5, zile milimita 2 zinarudi kama milimita 0.1.

Mwaka 1976 Francis na Wonham, watafiti wa nadharia ya udhibiti, walilipa jambo hili sura ya jumla: ili mfumo ufuate amri ya aina fulani, au ukatae msukosuko wa aina fulani, bila kosa kubaki na hata mashine ikibadilika kidogo, ndani ya mzunguko lazima kuwe na mfano wa kile kinachoizalisha amri hiyo. Kwa amri iliyosimama, mfano huo ni kijumlishi kimoja. Kwa amri inayotembea sawia, viwili. Kwa wimbi la hezi 50, yaani mawimbi 50 kwa sekunde, kitu kinachoweza kutetema chenyewe kwa hezi 50. Nikilisoma kwa lugha ya mbebaji naona ni jambo lilelile: kosa likiwa sifuri kidhibiti hakilishwi chochote, hivyo lazima kiwe na uwezo wa kuendelea kufanya kazi inayotakiwa kwa nguvu ya kumbukumbu yake.

Mambo mawili nayapitia haraka. La kwanza, integrali inaleta sifuri kwenye kosa linalopimwa. Sensa iliyofungwa karibu na hita, inayosoma nyuzi 6 zaidi ya kitu kinachookwa, itakupa skrini yenye 125.0 iliyonyooka na kitu chenye nyuzi 119. Mrejesho hauna njia ya kujua. Unamwamini shahidi mmoja tu. La pili, kijumlishi hakijui kwamba hita zimegota. Mlango wa tanuri ukiachwa wazi, umeme uko asilimia 100, kosa lipo, na jumla inaendelea kujilundika bila faida; mlango ukifungwa joto litapita lengo mpaka deni lote liishe. Mwambie kijumlishi aache kujumlisha pale kifaa kinapogota. Ni mistari michache ya programu na nimeona ikisahaulika mahali pengi.

Lakini somo lililonishangaza zaidi ni kwamba kuna mahali ambapo kosa linalobaki linawekwa kwa makusudi, na ukilifuta unaharibu. Tulikuwa na jenereta mbili za dizeli, ya kilowati 1000 na ya kilowati 500, zikilisha mtambo mmoja. Msimamizi mmoja hakupenda kuona frikwensi ikishuka kila mzigo ulipopanda. Kwake kosa ni kosa. Akaagiza kila jenereta iwekewe integrali yake ishikilie hezi 50 kamili.

Jenereta zikishaunganishwa zinazunguka kwa frikwensi moja, hazina hiari. Lakini vipimo viwili havilingani kamwe hadi nukta ya mwisho. Moja ikiona 50.00, nyingine inaona 49.99. Hiyo ya pili inaona kosa, kijumlishi chake kinaongeza mafuta, na frikwensi inapanda kidogo. Ya kwanza inaona frikwensi imezidi, inapunguza. Hakuna mahali ambapo vijumlishi vyote viwili vinapata sifuri kwa pamoja, na mzigo ukahama polepole mpaka mashine moja ikafika ukomo wake na nyingine ikabaki inazunguka karibu bure. Nani anabeba mzigo? Hakuna aliyekuwa ameamua.

Tulirudisha uwiano. Kila jenereta iliwekewa mshuko wa asilimia 5: kutoka bila mzigo hadi mzigo kamili, frikwensi inashuka hezi 2.5. Frikwensi ikishuka hezi 1, kila moja inajua, bila kuambiwa na mwenzake, kwamba inapaswa kubeba asilimia 40 ya uwezo wake: kilowati 400 kwa kubwa, 200 kwa ndogo. Kosa linalobaki limegeuka kuwa ujumbe unaosomwa na mashine zote kwa wakati mmoja kupitia waya uleule wa umeme. Kisha, juu ya zote, unaweka kijumlishi kimoja tu, cha polepole, kinachozisogeza taratibu zote pamoja mpaka frikwensi irudi 50. Kimoja. Gridi kubwa za umeme zinafanya hivyohivyo: mashine zinagawana mzigo kwa mshuko katika sekunde chache za mwanzo, na udhibiti wa pili unalifuta kosa kwa dakika zinazofuata. Msimamizi yule alipoona mita za kilowati zimetulia kwa mgawo wa mbili kwa moja, alinyamaza, nasi tukapewa ruhusa ya kuacha frikwensi ishuke.

Ila kosa la kudumu, hata likiwa dogo kiasi gani, lina mtu anayelijumlisha mahali fulani. Mfano ninaoutumia ni wa bara la Ulaya. Mwanzoni mwa mwaka 2018 mgogoro wa kusawazisha umeme baina ya Serbia na Kosovo uliiacha gridi yote iliyounganishwa ikienda kwa wastani wa hezi 49.996 kuanzia katikati ya Januari hadi mwanzoni mwa Machi. Pungufu ya hezi 0.004 hakuna mota inayoihisi. Lakini saa za majiko na za redio zinazohesabu mawimbi ya umeme ni vijumlishi vya kweli: hezi 0.004 kugawanywa kwa 50 ni karibu sekunde 7 kwa siku, na kufikia Machi saa hizo zilikuwa zimechelewa kwa karibu dakika 6. Waendesha gridi walizirudisha kwa njia pekee iliyopo, ambayo ni kuiendesha gridi juu kidogo ya hezi 50 kwa wiki kadhaa, yaani kuweka kosa la upande wa pili mpaka jumla ifutike.